Jino la Fundi Saidi na Pamba Yangu ya Karafuu

Mjukuu wangu Mwanaidi, anayesomea meno huko Dar es Salaam, ameniambia kwamba darasani kwenu mna taa ya buluu. Mnaielekeza kwenye jino, mnahesabu mpaka ishirini, plastiki inakuwa ngumu, mnakwenda kunywa chai. Nawapongeza. Pia nawaonea wivu, maana enzi zangu taa ilikuwa dirisha, na mashine ya kutobolea meno ilikuwa mguu wangu wa kulia.

Sisemi kwa mafumbo. Katika zahanati yetu ya Andoany, mji mkuu wa kisiwa cha Nosy Be huko Madagaska, uhuru ukiwa bado mbichi na bendera mpya bado ina alama za mikunjo, umeme ulikuja siku uliyojisikia. Daktari wa meno alikuwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu, yenye gurudumu na mkanda, ndugu wa cherehani. Akaenda sokoni kuuliza nani anaweza kukanyaga cherehani kwa mwendo mmoja bila kusimama kupiga soga. Wakamtajia jina langu. Sehemu ya pili ya sifa hiyo ilikuwa uongo mtupu, lakini alikuwa mgeni, angejuaje?

Daktari huyo nitamwita Razafy. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, serikali mpya imemleta pwani, akashuka na sweta mbili na sanduku la majarida ya meno. Sweta hakuzivaa hata mara moja. Majarida aliyasoma mpaka chooni. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko daktari yeyote niliyepata kumwona, na kichwa kigumu kuliko gego la nyuma. Kwa wagonjwa alisema Kimalagasi, kwa wakubwa Kifaransa, na mimi na watu wangu, sisi wenye asili ya Ngazija, tukisemezana Kingazija chetu. Humu yote nimeyageuza Kiswahili, maana ninyi ndicho mnachokijua, na mimi nimekinyoosha uzeeni kwa kuwakaripia wajukuu.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza, maana naona mnalisahau kwa sababu ya hiyo taa. Kuziba jino si kupaka. Dawa tuliyotumia siku zote ilikuwa unga wa fedha tuliousaga na zebaki kwenye kinu kidogo cha kioo, tukaukamua kwa kitambaa, tukaushindilia tunduni. Dawa hiyo haikamati jino hata kidogo. Haina undugu nalo. Inakaa kwa sababu imefungiwa tu: daktari anachimba tundu kama mtungi, mdomo mwembamba, tumbo pana, dawa ikishakuwa ngumu humo haina pa kutokea. Ukichimba kama bakuli, imekwenda. Mpishi mmoja wa Andilana alirudi kwetu baada ya siku tatu, kibonge cha dawa kakifunga kwenye karatasi, akaniwekea mezani.

"Mama, hii ni yako," akasema. "Nimeikuta kwenye wali."

Kosa lilikuwa langu. Siku ile nilikuwa nikikanyaga huku nikimsimulia daktari habari za harusi fulani, nikifika penye utamu mguu unasimama, na daktari akachoka kunisubiri. Tundu likabaki bakuli. Razafy hakunifokea. Alimketisha mpishi tena, akaniambia, "Zaina, leo harusi imeahirishwa. Kanyaga."

Zebaki nayo ina vituko vyake. Haina habari na jino, lakini dhahabu inaipenda kufa. Nilikuwa nimeolewa na Ali miezi minne tu, na nilikuwa na mchezo wa kijinga wa kuibingirisha zebaki kiganjani, inavyokimbia kimbia kama kitu chenye roho. Msiufanye. Hatukujua kwamba ni sumu, tuliichezea kama watoto. Jioni nikatazama mkono, pete yangu ya ndoa imekuwa nyeupe pe. Ali, mchukuzi wa bandarini kwa riziki yake na mwosha maiti wa msikiti kwa thawabu zake, aliigeuza geuza akasema, "Nilinunua dhahabu, naona nimeoa bati." Daktari alinionyesha kwamba zebaki imeshaingia ndani ya dhahabu na haifutiki kwa kitambaa. Ninayo mpaka leo. Mkitaka kujua maana ya kitu kushikana na kitu, njooni niwaonyeshe.

Sasa niwaambie habari ya karafuu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niseme nanyi.

Nyumbani kwetu mtu akiumwa jino alibanishwa karafuu. Shangazi yangu alikuwa na kichupa cha mafuta yake kwenye pindo la leso, alikwenda nacho hata kwenye mazishi. Nilipoingia zahanati nikakuta daktari mwenyewe anayachanganya mafuta yale yale na unga mweupe, anayaweka chini ya dawa ya fedha ili kutuliza jino. Nikajiona nimezaliwa mtaalamu. Zahanati nzima ilinukia pilau. Basi nikaanza upendeleo wangu wa siri. Alipokuja mtu wangu, jirani, mtu wa madrasa, mtu wa ukoo, na nikamwona anashika mikono ya kiti kwa hofu, nilichovya pamba yangu kwenye mafuta ya karafuu kabla ya kukausha tundu. Tone tu. Mtu anashusha mabega, ananitazama kwa shukrani, daktari hajui lolote kwa sababu chumba chote kinanukia hivyo hivyo. Chini ya dawa ya fedha halikudhuru kitu. Nilifanya hivyo miaka miwili na nikajipa cheo cha mwenye huruma.

Kisha Razafy akahamishiwa Mahajanga, katika chumba cha meno cha mjini, na Ali akapata kazi katika bandari ya huko mwezi ule ule. Tukavuka mpaka Ankify, upande wa bara, kwenye boti moja. Mashine ya kukanyaga ilikalishwa kwenye benchi kwa heshima zote, mimi nikakaa juu ya gunia la pilipili. Mahajanga tulikuta umeme wa kuaminika na mashine ya mota. Mashine yetu ikawekwa kona kushikilia makoti. Mimi nikapandishwa cheo, kutoka injini kuwa msaidizi.

Hapo ndipo majarida ya Razafy yalipomtia wazimu. Alikuwa ameagiza plastiki ya meno, unga na maji yake, unachanganya na inageuka ngumu yenyewe. Ilikuwa nyeupe, rangi ya jino, ya kuziba meno ya mbele. Kabla yake tulitumia saruji ya kung'aa ambayo baada ya muda ilikwanguka na kuyeyuka mdomoni kama peremende. Na kulikuwa na ujanja mpya ambao jarida lilikuwa limeueleza: upake gamba la jino asidi kidogo, usubiri, uoshe, ukaushe vizuri. Jino linapoteza mng'ao, linakuwa kama chaki. Kwa macho huoni zaidi, lakini pale asidi imechimba vijishimo vidogo kupita kiasi, na plastiki ikiwa bado majimaji inaingia humo, inakauka, inashika. Hakuna mtungi tena. Razafy hakuwa na asidi maalumu, akatumia ile iliyomo kwenye maji ya saruji yetu ya kawaida. Siku donge la kwanza liliposhika, alilivuta kwa kibano mpaka mgonjwa akafuata nalo kutoka kitini.

"Limekamata, Zaina!" alipiga kelele. "Halikufungiwa. Limekamata!"

Kwa mwezi mmoja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mahajanga. Kisha madonge ya plastiki yakaanza kurudi.

Yalirudi kwenye karatasi, kwenye vikopo vya ugoro, mengine yalimezwa. Kazi iliyorudi haikuwa hata ngumu, ilikuwa inanata. Razafy aliyeamini kila kitu chenye jedwali akachora jedwali. Upande mmoja meno yaliyoshika, upande mwingine yaliyotoka. Akalitazama siku nzima, kisha akaniita.

"Soma majina ya waliotoka."

Nikasoma. Ahmed. Mariama. Saidi. Hadija. Bakari. Upande wa walioshika walikuwa wenyeji, Wasakalava na Watsimihety, Wahindi wa madukani, Mfaransa mmoja wa posta. Wangazija hakuna hata mmoja.

"Mnakula nini nyinyi?" akaniuliza.

Alianza na nazi. Akahamia papa mkavu. Akaja kwenye tambuu, nikamwambia Wahindi wanatafuna zaidi yetu na meno yao yapo. Mwishowe, siku ya Ijumaa, alipita karibu na msikiti wa Mahabibo, mtaa wetu, akaona wanaume wamejipanga kwenye birika wanatia udhu, wanasukutua na kutema. Mara tatu. Kabla ya kila sala. Alirudi mbio kama mtu aliyeona hazina.

"Maji!" akasema. "Mnaziosha dawa zangu kabla hazijakomaa!"

Akaandika jedwalini, kwa wino mwekundu: *Sababu: udhu*. Na akatoa amri kwamba kila Mngazija atakayezibwa jino asisukutue mpaka kesho yake. Nani akazitangaze habari hizo Mahabibo? Msaidizi mwenye huruma.

Wakati huo mgonjwa wetu mkubwa alikuwa Fundi Saidi. Kwetu fundi ni mwalimu wa Kurani, si wa baiskeli. Alikuwa amenifundisha mimi na nusu ya mtaa kule Nosy Be kabla ya kuhamia Mahajanga, na viganja vyetu vilimkumbuka. Sasa alikuwa mzee, na ndiye aliyeongoza usomaji wa maulidi pale mjini. Jino lake moja la mbele, la juu, lilikuwa limeoza ubavuni. Mwalimu wa Kurani bila jino la mbele ni shida ya kweli, kuna herufi ambazo ulimi lazima uguse hapo, pasipokuwa na jino hutoka upepo. Maulidi ilikuwa imebaki wiki tatu. Tulimziba, ikatoka baada ya siku mbili.

Nilipompelekea amri ya daktari, nilitegemea bakora. Nikamkuta barazani, nikamwamkia, "Kwezi, fundi."

"Mbona," akaitikia, ndilo jibu la salamu hiyo kwetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafikiri. "Kusukutua ni sunna," akasema. "Si faridha. Udhu unatimia bila hiyo. Mwambie daktari wako nitaiacha sunna yangu siku nzima kwa ajili ya jino lake. Na Mungu ataangalia ni kwa ajili ya nini."

Tukamziba mara ya pili. Asidi ilimuuma, akafumba macho. Nami mikono yangu, bila hata kuniuliza, ikachovya pamba kwenye karafuu.

Alirudi siku ya tatu, dawa imo kiganjani, laini kama gundi ya fenesi. Korido ilikuwa imejaa watu wa mtaa. Razafy akaipokea, akaibonyeza, akakunja uso.

"Umesukutua, mzee."

"Sikusukutua."

"Haiwezekani. Umesukutua na unanidanganya. Kinywa cha mwongo sikizibi mara ya tatu. Njoo Alhamisi, ning'oe, nikutengenezee la bandia."

Alikuwa amesema Kimalagasi, na kila mtu koridoni alielewa. Fundi aliinuka. Alichukua kofia yake, akaivaa taratibu, akatoka. Ninyi hamjui huyo alikuwa nani. Neno lake lilimaliza ugomvi wa mirathi. Alisimama shahidi wa ndoa ambazo hata cheti hazikuwa nazo. Na jioni hiyo hiyo, kwenye vibaraza vya Mahabibo, vijana walikuwa wanaambiana, "Fundi amesukutua," na kucheka. Nilimkasirikia Razafy mpaka nikashindwa kula. Nikamwambia Ali kwamba yule ni punda wa nyanda za juu. Ali akasema labda fundi alisahau tu, ni mzee. Nikamkasirikia Ali pia.

Jumatano asubuhi, kabla ya wagonjwa, chanuo langu lilivunjika. Chanuo zuri, la pembe. Plastiki iliyobaki kwenye vikombe daima niliiba kidogo kwa matengenezo yangu ya nyumbani, basi nikachanganya kidonge juu ya kioo, nikaunganisha vipande, nikaweka kingine mwishoni palipopasuka. Nikaenda kuchemsha vyombo. Niliporudi, unganisho la katikati lilikuwa jiwe. La mwishoni lilikuwa linanata. Unga ule ule, maji yale yale, mkono ule ule. Nikakitazama kioo. Upande nilikotoa kidonge cha pili kulikuwa na doa la mafuta. Nikanusa.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikainuka, nikachanganya tena viwili, kimoja kikavu, kimoja na tone la karafuu, nikasubiri. Nikarudia. Mara tatu, ile ile. Na majina ya Razafy yakanipita kichwani moja moja, Ahmed, Mariama, Hadija, na kila jina nililikumbuka na mabega yake yanavyoshuka. Hakikuwa kinywa cha Mngazija kilichokataa dawa. Ilikuwa ni pamba yangu, iliyokwenda kwa Wangazija peke yao.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipokaribia kuwa mtu mbaya. Nilikuwa na njia rahisi. Ningemshawishi Razafy aizibe mara ya tatu, ningeacha pamba yangu kavu, jino lingeshika, maulidi ingesomwa, kazi yangu ingebaki. Hakuna ambaye angejua. Lakini daktari angesema nini? Angesema, mnaona, safari hii mzee ametii. Na Fundi Saidi angeingia kaburini akiwa mwongo mwenye jino zuri.

Alhamisi korido ilijaa kuliko siku zote, walikuja kutazama. Fundi akaketi kitini, akafungua kinywa. Razafy akanyoosha mkono apewe koleo. Nikampa chanuo.

"Nini hiki?"

"Fungua mlango, daktari," nikasema. "Ulimwita mwongo mlango ukiwa wazi."

Nikaeleza yote, kwa Kimalagasi, kwa sauti ya sokoni. Nikachanganya vidonge viwili mbele yao. Razafy alitoa saa yake, akaiweka juu ya meza, akasubiri. Kimoja kikawa jiwe. Kingine akakivuta, kikafuata kidole chake kama tui lililoungua.

"Wangapi?" akaniuliza.

"Wote wa upande ule."

Nilidhani atanifukuza. Alilichukua daftari lenye lile jedwali lake, akafuta kwa mstari neno *udhu*, akaandika juu yake *Zaina*, akapiga mstari chini mara mbili. Kisha akageuka. Mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akiomba radhi hata kwa jino alilolivunja, akamwinamia mzee.

"Azafady, fundi," akasema. "Nilisema mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu. Hukusukutua."

Fundi Saidi alimtazama, akanitazama. Akachukua mezani kile kijiti bapa cha kukandamizia ulimi.

"Zaina. Nyoosha mkono."

Mwanamke mzima, mke wa mtu, nikanyoosha kiganja kama nina miaka saba. Akanipiga mara moja, kofi la kijiti, halikuuma, nikalia.

"Nawe daktari. Nyoosha."

Razafy akasita. Akaangalia korido, watu wameshikana mabega wachungulie. Akanyoosha. Pa! Kicheko kilichotoka mle ndani nadhani walikisikia mpaka bandarini.

"Haya," Fundi akasema, akalaza kichwa. "Ziba. Bila karafuu."

Asidi ilimuuma kama awali. Sikuwa na cha kumpa, nikampa mkono wangu, akaukamata mpaka pete yangu ya bati ikaacha alama kwenye kidole. Nikakausha kwa pamba kavu. Kavu, wanangu. Na wenzake wote wa jedwali tuliwaita mmoja mmoja tukawarudia, mimi nikienda kuwagongea milango na kusema kosa langu mwenyewe. Ilinichukua muda mrefu, na kila nyumba ilitaka nisimulie tena ile ya kijiti.

Usiku wa maulidi nilikaa upande wa wanawake, masonjoany, ile rojo ya mti ya urembo, usoni kama wote, lakini masikio yangu hayakusikia sala wala kaswida. Yalisikiliza herufi. Kila moja ilitoka safi.

Kwa hiyo, mkifundishwa kwamba mafuta ya karafuu na plastiki havikai nyumba moja, msiliandike tu mkalisahau. Ninyi mna dawa nyingine za kutuliza, tumieni hizo. Na mkiona kazi yenu inafeli kwa watu wa aina moja tu, kabla hamjachunguza dini yao na chakula chao, chunguzeni mikono yenu.

Plastiki ya zamani haikudumu sana, wengi walizibisha meno upya. Ya Fundi Saidi iligeuka njano kama pembe na ikachakaa ukingoni, lakini ilikaa. Miaka mingi baadaye alipofariki, Ali wangu alikuwa miongoni mwa walioosha maiti yake. Alirudi nyumbani mchana, akavua viatu mlangoni, hakutaka chai. Akakaa karibu nami, akaushika mkono wangu wenye pete nyeupe.

"Tumemtia udhu," akasema. "Tumemsafisha kinywa, mara tatu. Halikutoka."